Mwanamke Anayehesabu Hadi Thelathini na Saba

Maneno yenyewe niliyasikia Jumatano, tukiwa tunaosha masufuria ya kikundi chetu cha akina mama baada ya msiba. Mama Bupe, ambaye akishika sufuria mdomo nao unaanza kazi, alisema kuna hospitali moja kitanda cha joto cha watoto njiti kilinyamaza chenyewe mchana kweupe. Hospitali gani, hakuna aliyejua. Kila aliyeisimulia habari hiyo aliitaja wilaya nyingine.

"Mafundi wakaitwa," akasema Mama Bupe. "Wakafungua. Wakakuta maagizo ya mashine yamo, tena mengi, lakini hakuna mwanadamu anayeweza kuyasoma. Aliyeyaandika alishahama kazi. Wakatazamana, wakafunga, wakaondoka. Kitanda kiko koridoni, kimefunikwa shuka."

"Na watoto?" nikauliza.

"Mama zao waliwafunga kifuani, ngozi kwa ngozi. Mungu mwema."

"Sasa hayo ni kweli au ni maneno tu?"

"Mama Atu, mimi nimeambiwa. Sikuwepo."

Nilijaribu kuyaacha yapite, hayakupita. Nilisugua sufuria moja mpaka wenzangu wakaniuliza kama nataka kuitoboa. Sababu ni kwamba mtoto wangu wa kwanza, Atuganile, kazi yake ndiyo hiyo hiyo. Yuko kwenye karakana inayounda vitanda vya joto hapa Mbeya, na yeye ndiye anayeandika maagizo.

Aliwahi kunieleza. "Mama, kompyuta ya kitanda na hita ya kitanda hazisikilizani. Ni kama mmoja anasema Kinyakyusa na mwenzake Kichina. Mimi ndiye mkalimani. Naandika maneno ya katikati, yanaitwa kiendeshi."

Nikachungulia hayo maneno ya katikati. Nambari tupu na herufi moja moja, ukurasa mzima. Nikamuuliza hii arobaini na nne ni ya nini.

"Hiyo iache tu, mama. Inafanya kazi."

Na Ijumaa, yaani leo, alikuwa anaikabidhi kazi hiyo kwa mwenzake aitwaye Ambakisye, kwa sababu yeye amehamishiwa upande wa mashine za oksijeni. Nikamuuliza kama amemwandikia mwenzake maelezo. Akasema Ambakisye ana akili, atasoma. Nikaenda kulala na hofu yangu.

Basi usiku wa jana niliota, na nawaandikia leo hii hii kabla sijasahau hata kidogo.

Niliota nafuta meza. Mezani kuna kile kidude cheusi cha mraba, yaani kompyuta ya kitanda, ambacho Atu huleta nyumbani, chenye miguu mingi kama tandu.

"Shikamoo, mama," kikasema.

"Marahaba."

"Vua ndala. Ndani tunatembea peku."

Nikavua. Sikujiuliza nitaingiaje. Mlango ulikuwa mguu wa nne kutoka kushoto, na nilienea.

Ndani ni mji.

Sijawahi kuona mji kama ule na sidhani kama nitauona tena. Barabara zote ni za shaba, zimenyooka, zinang'aa kama sinia jipya. Hakuna vumbi, hakuna mbwa, hakuna anayepita na mzigo. Pande zote mbili kuna nyumba, maelfu kwa maelfu, mpaka macho yanachoka, na kila nyumba ina milango minane. Ni saa nne asubuhi. Nikaambiwa humo huwa ni saa nne asubuhi siku zote.

Nikasema, "Bwana asifiwe."

Mji mzima ukajibu "Amina" kwa mara moja, na milango yote ikafunguka na kufungwa.

Nikauliza, "Hawa wote anawaongoza nani?"

"Mwanao," ikasema sauti ya kile kidude, ambayo sasa ilikuwa inatoka barabarani.

"Atuganile? Yule asiyekumbuka alikoweka funguo?"

"Huyo huyo."

Nikasogea kwenye nyumba ya kwanza. Katika kila mlango kuna mtu mmoja mdogo, na mtu huyo anajua mambo mawili tu, kulala na kusimama. Wote wanane wamelala. Mara sauti inapita juu ya mapaa, sauti ya Atu kabisa, ile ya mtu mwenye kalamu mdomoni. Inasema, "Arobaini na nne!"

Wa tatu anasimama. Wa nne anasimama. Wa sita anasimama. Wengine wanabaki chali.

"Mmesimama kwa nini?" nikawauliza.

"Imesemwa arobaini na nne," akajibu wa tatu.

"Arobaini na nne ndiyo nini?"

"Ni sisi watatu kusimama."

"Na mkisimama, kunatokea nini?"

Wakatazamana. "Hatujawahi kutoka nje," akasema wa nne. "Mwenzetu wa sita anadai kwamba yeye akisimama, mahali fulani kunapata joto. Hana ushahidi."

"Ninasikia tu," akasema wa sita kwa unyenyekevu.

Nikawaambia poleni na kazi. Wakasema asante, na kwamba hakuna aliyewahi kuwapa pole.

Nilipogeuka, mji haukuwepo tena. Nipo ndani ya ujia mrefu usio na dirisha wala benchi. Naambiwa una hatua mia tisa na hauruhusu mtu kusimama katikati, kwa sababu uliandikwa kwa mkupuo mmoja. Ninatembea. Mbele yangu kuna watu wamebeba vitu vilivyofunikwa.

"Habari zenu. Unaitwa nani, mwanangu?"

"Kwamuda."

"Na wewe?"

"Kwamuda."

"Na huyo nyuma?"

"Kwamuda wa Pili."

Nikaita, "Kwamuda!" Watu kumi na mmoja wakaitika na kugongana. Mmoja alikuwa amebeba joto la chumba. Mwingine amebeba kasi ya feni. Wa tatu akafunua chake akakuta hakuna kitu, akafunika tena.

"Mlipewaje jina moja wote?"

"Tuliambiwa ni kwa siku mbili tu," akasema mkubwa wao. "Atapata nafasi atatupa majina ya kudumu. Huu ni mwaka wa sita."

Ukutani kuna kibao. Kimeandikwa USIGUSE HAPA. Nikakiuliza kwa nini nisiguse.

"Sijui, mama," kikasema. "Aliyeniandika alikuwa na haraka. Chai yake ilikuwa inapoa."

Hatua kumi mbele kuna kibao kingine, kimeinamisha uso. Kimeandikwa HAPA FENI INAZIMWA. Chini yake feni inazunguka kwa nguvu zote, na upepo wake unanivua kilemba.

"Mbona unasema uongo, mtu mzima kama wewe?"

"Nilikuwa kweli," kikasema kwa sauti ndogo. "Siku ya kwanza nilikuwa kweli kabisa. Baadaye wakabadilisha kazi ya chini, mimi wakanisahau. Kila apitaye hunisoma na kuniamini. Nishuke vipi? Sina mikono."

Nikakifuta machozi kwa pindo la kitenge, na ujia ukaisha.

Sasa nipo mbele ya geti kubwa la shaba. Nyuma yangu foleni ndefu sana, maagizo yote ya mji yanangoja kupita. Getini ameketi mwanamke mnene juu ya kigoda. Anahesabu.

"Thelathini na tano. Thelathini na sita. Thelathini na saba."

Anafungua. Foleni inapita kwa mshindo. Anafunga. Anaanza, "Moja. Mbili."

"Dada, unaitwa nani?"

"Ngoja. Tatu. Nne."

"Unangoja nini?"

"Thelathini na saba. Tano."

Ndipo mbingu za mji zilipoingia giza kidogo. Kidole kikashuka kutoka juu, kikubwa kama nguzo ya umeme, kucha imekatwa vizuri. Nyuma ya kidole yuko Ambakisye, shati limepigwa pasi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hicho kidole unakipeleka wapi?"

"Nasafisha, mama. Huyu namfuta."

"Amekosa nini?"

"Hajakosa. Hana maelezo. Thelathini na saba ni joto la mwili wa binadamu, na joto la mwili tunalo tayari mtaa wa pili. Huyu atakuwa alinakiliwa kwa bahati mbaya. Anazuia foleni tu."

"Mimi joto?" akasema Ngoja. "Miaka sita nimekaa hapa, leo naambiwa mimi ni joto! Tisa. Kumi."

"Basi sema wewe ni nini," akasema Ambakisye, tena kwa adabu.

Mwanamke yule akafungua mdomo, akaufunga. Nikaona hajui. Hakuna aliyewahi kumwambia. "Kumi na moja," akasema taratibu.

"Umeona, mama? Namwachia amalize mzunguko huu. Akifika thelathini na saba na sababu haijapatikana, anaondoka. Mimi si mkatili, ila nina ripoti saa nane."

Nikapenya pembeni ya geti. Nikakimbia peku kwenye shaba, mimi na magoti yangu haya, huku nyuma nikimsikia Ngoja anafika kumi na nne.

Nyuma ya geti kuna kijitu chembamba cha chuma, ndiyo kwanza kimepigwa cheche kiamke. Kinatetemeka. Kimefumba macho.

"Tisini!" kinapayuka. "Sifuri! Kumi na mbili!"

"Wewe ni nani?"

"Kipimajoto. Usinisikilize, mama, bado nina usingizi. Kila nikiamshwa nasema ovyo. Nikiachwa mpaka thelathini na saba, hapo nazinduka na kusema kweli. Kabla ya hapo ni usingizi unaosema."

"Na nani anakusikiliza?"

Kikanyoosha mkono. Kando yake kuna hita, jitu jekundu lenye uso wa upole. "Mimi natii," likasema kabla sijaliuliza. "Nikiambiwa sifuri, nawaka mwili mzima. Nikiambiwa tisini, nazima kabisa. Sina swali."

"Mbele yako kuna nini?"

"Kioo. Sijawahi kutazama."

Nikatazama mimi.

Mwanzo nilidhani ni kilima, kilima cha udongo mwekundu alfajiri. Kisha kilima kikapanda, kikakaa, kikashuka. Kilikuwa kifua. Alikuwa anapumua. Nikaona kidole cha mguu wake kikubwa kuliko kanisa letu, na ngozi yake nyembamba hata mwanga unapita ndani na mishipa inaonekana kama mito. Na kila alipovuta pumzi, mji wote ule wa shaba uliinuka kidogo pamoja naye, nyumba zote, milango yote, na alipoishusha, mji ukashuka. Niliweka mkono kwenye kioo. Sikuweza hata kuomba.

"Gramu elfu moja na mia mbili," ikanong'ona sauti ya kile kidude.

"Mji huu mzima," nikasema, "ni kwa ajili yake huyu?"

"Hatujui, mama. Haijaandikwa mahali popote. Wewe ndiye wa kwanza kuuliza mpaka ukafika kwenye kioo."

Nyuma nikasikia, "Ishirini na tisa."

Nikarudi mbio. Thelathini. Naona mgongo wa Ngoja. Thelathini na moja. Kidole kimeshashuka mpaka kinagusa nywele zake. Nataka kupiga kelele, sauti haitoki, kama ilivyo kwenye ndoto. Na hata ingetoka, ningemwambia Ambakisye leo, na kesho angekuja mwingine na kidole chake.

Kwenye kikundi chetu tunaazimana vyombo, na shughuli ikiisha vyote vinachanganyikana. Kwa hiyo kila sufuria ina jina la mwenyewe chini, limeandikwa kwa rangi ya kucha, maana wino hufutika kwa masizi na steelwire ya kusugulia, na rangi ya kucha haing'oki. Mwandishi wa vyombo ni mimi. Nikapapasa fundo la kitenge. Kichupa kilikuwemo.

Thelathini na tatu. Nikapiga goti, nikaandika kwenye kigoda, kwa herufi kubwa za darasa la saba:

NGOJA HAPA. KIPIMAJOTO KIKIAMKA HUSEMA OVYO. KIKIHESABIWA 37 HUSEMA KWELI. MBELE KUNA MTOTO.

"Thelathini na saba," akasema Ngoja, akafumba macho.

Kidole hakikushuka. Ambakisye alikuwa anasoma. Alisoma mara mbili, midomo ikicheza.

"Kumbe," akasema. "Sasa ningejuaje, mama?"

"Usingejua, mwanangu. Ubaya wenyewe ndio huo."

Akaondoa kidole na mwanga ukarudi. Ngoja akainama, akasoma kigoda chake kichwa chini miguu juu. Halafu akafunga kanga vizuri, akanyoosha mgongo, akaanza upya, "Moja." Lakini haikuwa moja ile ya kwanza. Aliisema kama mtu anayemwimbia mtoto alale.

Hapo wakaanza kuja. Akina Kwamuda wote kumi na mmoja na mizigo yao, watu wa milango minane, kibao cha feni kinajiburuta. "Na mimi, mama." "Niandike na mimi." Foleni ikajaa barabara mpaka mwisho wa mji. Wa sita yule nilimwandikia HITA, akalisoma akasema, "Nilijua mimi," akakaa chini kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Nikamwandikia wa pili wa foleni, na wa tatu. Kwa wa nne brashi ikatoka kavu.

Nikaamka. Kumekucha.

Atu alikuwa mezani, anakula kiazi kitamu na chai, mkoba begani, tayari kuondoka. Sikumsalimia.

"Ile thelathini na saba," nikasema.

"Ipi, mama? Ya joto la mwili?"

"Si ya joto. Ile ya kungoja."

Akaacha kutafuna. Alinitazama, akafungua kompyuta yake, akashuka chini, chini, chini. Akasimama kwenye mstari mmoja. "Ipo," akasema. "Hata mimi niliisahau. Niliiweka mwaka wa kwanza. Wala sikumbuki ilikuwa ya nini."

Nikamwambia ni ya nini.

"Nani kakwambia?"

"Hebu itoe uone."

Akacheka kidogo, kicheko cha kumridhisha mzazi. Lakini alitoa kile kidude mezani, akakifunga waya, akauondoa ule mstari, akawasha. Kwenye kioo cha kompyuta zikaanguka nambari, moja chini ya nyingine. Nilizisoma mwenyewe bila miwani. Tisini. Sifuri. Kumi na mbili.

Chumba kilikuwa cha baridi ya Mbeya ya kawaida.

Atu alichukua simu, akaweka sauti ya nje. "Ambakisye, ile ya kungoja thelathini na saba..."

"Ile ya joto la mwili iliyojirudia? Nimeshaitoa, dada. Jana jioni uliponitumia kazi, nilisafisha kidogo."

"Umeshaipakia kwenye vitanda?"

"Bado, saa nne. Kuna viwili vinakwenda wodini leo."

Ilikuwa saa mbili kasoro dakika kumi.

"Irudishe. Usipakie chochote mpaka nifike tukae."

"Sawa, dada. Lakini si ungeandika?"

Mwanangu akanitazama, macho yamejaa maji. "Ningeandika," akamjibu. Akatoka, kiazi kimebaki nusu.

Mimi niliishia darasa la saba. Siwezi kumfundisha mtu kuandika maagizo ya mashine. Nimeona tu yanakokwenda. Kwa hiyo, ninyi mnaoyaandika, na ninyi mama zao, haya ndiyo ya kuepuka:

Msiache nambari peke yake. Ipeni jina, na semeni imetoka wapi. Ikikosa jina, anayekuja ataipa la kwake.

Msiwape watu kumi na mmoja jina moja.

Msiandike "usiguse" bila sababu.

Mkibadilisha kazi, msiache maelezo ya zamani yamesimama juu yake. Mwenye kusoma atayaamini.

Msiandike njia ya hatua mia tisa isiyo na pa kupumzika. Kateni vipande, kila kipande na kazi yake moja.

Msifute msichokielewa. Ulizeni kwanza, hata kama ni kwa simu, hata kama ripoti ni saa nane.

Msiseme mtaandika mkipata nafasi.

Na msiikabidhi kazi kabla mwenzenu hajaisoma yote kwa sauti, ninyi mkiwa mmekaa pembeni mmefunga mdomo. Pale atakapokwama, msimweleze. Andikeni.